Istilahi za Kufunga Kiti cha Mbele katika Gari la Kale: Neno Moja Lisifanye Kazi Tano

1. UTANGULIZI

Kitenzi "kufunga" ni miongoni mwa vitenzi vilivyotwishwa kazi nyingi katika Kiswahili. Mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga mkutano, hufunga mwezi wa Ramadhani. Na akiingia karakana hufunga injini, hufunga gurudumu, hufunga mkanda na hufunga kiti. Katika mazungumzo wingi huu wa maana hauleti taabu, kwa kuwa wasemaji wote wawili wanakitazama kitu kinachosemwa, na mmoja asipoelewa humwuliza mwenzake. Katika maandishi ya ufundi mambo si hivyo. Msomaji yuko mbali na mwandishi, ameshika spana mkono mmoja na karatasi mkono wa pili, wala hana wa kumwuliza. Neno likiwa na maana tano, huenda akaichukua isiyo yake.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa kutumia mfano wa kazi moja tu, jinsi vitenzi na majina ya ufundi yanavyoweza kutengwa ili kila moja libaki na kazi yake. Kazi yenyewe ni kufunga kiti cha mbele kilichoenea upana wote wa gari, katika sedani ya zamani ya Kimarekani iliyoundwa upya ili iende kwa kasi. Huenda msomaji akaona mfano huu uko mbali na shughuli zake. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, gari la namna hii halina kitabu cha kiwanda kinacholingana nalo, maana kiti chake hutoka gari moja, giaboksi gari jingine na breki gari la tatu. Kwa hiyo fundi hutegemea maelezo, na maelezo hutegemea maneno. Pili, maelezo hayo yameandikwa kwa Kiingereza cha Marekani, ilhali maneno yetu mengi ya magari tuliyapokea kwa Waingereza, na mfasiri asiyelijua jambo hilo hupotea njiani. Tatu, kiti kisichoshikwa ipasavyo huua, liwe ni gari la kale la fahari au basi la abiria.

2. GARI NA MAJINA YAKE

Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walizoea kununua magari ya Ford yaliyochakaa, hasa ya aina ya T na A, wakayavua madigadi na kila kilichokuwa mzigo, wakaziongeza nguvu injini zake, kisha wakaenda kushindana juu ya maziwa makavu ya jangwani kama Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, yenye ujazo wa inchi 221 (yapata lita 3.6) na nguvu za farasi 65, katika gari la bei nafuu. Injini hiyo na zilizoifuata zikawa kipenzi cha vijana hao. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha kusimamia mashindano, Southern California Timing Association. Januari 1948 lilitoka toleo la kwanza la gazeti la Hot Rod. Na mwaka 1951 kikaanzishwa chama cha taifa cha mbio hizo.

Gari lenyewe tuliiteje? Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "fimbo ya moto", nayo haimwambii msomaji lolote. Maelezo kamili, "gari la kale lililoundwa upya na kuongezwa nguvu kwa ajili ya kasi", ni ya kweli lakini ni marefu mno kurudiwa katika kila sentensi. Tunapendekeza neno la mkopo, "hotirodi", na maelezo hayo marefu yawe ndiyo fasili yake mahali linapotajwa kwa mara ya kwanza.

Yafaa tutenge pia maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. "Mkweche" ni gari lililochoka, linalokwenda kwa kusukumwa na dua. "Gari kuukuu" ni gari lililotumika siku nyingi, zima au bovu. "Gari la kale" ni gari la enzi iliyopita ambalo thamani yake imo katika umri wake. Hotirodi nyingi zilianza maisha zikiwa mikweche, zikaishia kuwa magari ya kale yanayotunzwa kuliko mapya. Mfasiri atakayeandika "gari kuukuu" mahali pa "gari la kale" atakuwa amelitoa gari maonyeshoni na kulirudisha jaani.

Neno "sedani" nalo lina jambo lake. Afrika Mashariki tulizoea kusikia "saluni", neno la Waingereza, kwa gari lililofunikwa paa na lenye viti safu mbili. "Sedani" ni neno la Wamarekani kwa gari hilohilo, nalo linazidi kuenea. Tofauti ya namna hii imo katika mwili mzima wa gari. Tunachokiita boneti, buti na madigadi, majina yote ya Kiingereza cha Uingereza, Wamarekani hukiita kwa majina mengine kabisa. Na jina lao la boneti, kwa Mwingereza, ni paa la turubai la gari la wazi. Kwa hiyo mfasiri wa maandishi ya Kimarekani asifasiri neno. Akitazame kitu katika mchoro, kisha akiite jina ambalo mafundi wetu hukiita.

3. KITI NA VIUNGO VYAKE

Kiti tunachokizungumzia ni kimoja, kinatoka mlango hadi mlango, na hukaliwa na watu watatu. Kilienea katika magari ya Marekani hasa baada ya wenzo wa gia kuhamishwa kutoka sakafuni hadi kwenye nguzo ya usukani, jambo ambalo Ford ililifanya katika magari yake ya mwaka 1940. Hapo abiria wa katikati akapata mahali pa kuweka miguu. Baadaye viti vya mtu mmojammoja vilikiondoa polepole.

Majina matatu yamewahi kutolewa kwa kiti hiki. "Kiti kirefu" halifai, kwa kuwa "kirefu" huweza kumaanisha kwenda juu, na msikilizaji hufikiri kile cha kukalia kaunta. "Kiti kipana" halitoshi, kwa sababu kiti cha mtu mmoja nacho huweza kuwa kipana. Linabaki "kiti benchi". Benchi ni neno lililokwisha kukaa katika lugha. Kila aliyengoja zamu yake zahanati analijua, na analijua kuwa ni kikao cha watu kadhaa kisichogawanywa. Kinyume chake tutakiita "kiti cha pekee".

Viungo vya kiti benchi ni hivi. Sehemu ya kukalia tunaiita "kikalio", na sehemu ya kuegemea "mgongo wa kiti". Wako waliopendekeza "egemeo" badala ya mgongo. Lakini egemeo limekwisha kutumika katika fizikia ya shule kwa maana ya nukta ambayo wenzo huzungukia, na si vema istilahi moja kugombewa na fani mbili zinazokutana karakana moja. Chini ya kikalio mna springi, ambazo wazee waliziita kamani, na chini yake fremu. Fremu hukaa juu ya "reli" mbili zinazokiwezesha kiti kusogea mbele na nyuma. Reli hukaa juu ya "kitako", yaani chuma kinachokiinua kiti kutoka sakafuni. Kinachozuia reli isisogee yenyewe ni "komeo". Neno hili limetoka mlangoni. Tangu zamani komeo ni kile kinachozuia mlango usifunguke mpaka mtu aamue, na kazi yake katika kiti ni hiyohiyo.

Katika sedani ya milango miwili mgongo wa kiti hugawanywa mara mbili na kila nusu hukunjwa mbele ili abiria wa nyuma apite. Nusu hizo nazo zahitaji komeo. Magari ya zamani mara nyingi hayakuwa nalo. Mgongo ulisimama kwa uzito wake tu, na gari liliposimama ghafla ulianguka mbele pamoja na aliyeugonga kwa nyuma. Kanuni za usalama za Marekani zilizoanza kutumika Januari 1968 ziliagiza kwamba mgongo unaokunjwa katika magari mapya uwe na komeo linalojifunga lenyewe. Mfasiri akutanapo na kiungo hiki asikiite "kufuli". Kufuli hufunguliwa kwa ufunguo. Komeo hufunguliwa kwa mkono, na katika ajali wepesi huo ni uhai.

4. HATUA ZA KAZI NA VITENZI VYAKE

4.1 Kukalisha

Kitenzi cha Kiingereza kinachotumiwa kwa kazi hii kina maana mbili ambazo Kiswahili huzitenga: kuenea vipimo, na kuweka mahali. Twasema nguo "imemkaa" mtu, yaani imelingana na mwili wake. Tukikitumia kitenzi hicho, "kukalisha kiti" kutakuwa ni kukitafutia mahali panapolingana na dereva na gari, kabla ya tundu lolote kutobolewa.

Hatua hii ndiyo ngumu zaidi katika hotirodi. Waundaji wake hupenda kupunguza paa, pengine kwa inchi 3 au 4, na wengine hulishusha bodi zima juu ya chasisi, hivyo kwamba sakafu hupandishwa ndani ya bodi. Kwa kila inchi paa linavyoshuka au sakafu inavyopanda, kichwa cha dereva huukaribia uti wa paa. Kwa hiyo fundi hukiweka kiti juu ya vipande vya mbao, humkalisha dereva mwenyewe akiwa amevaa viatu, kisha hupima kwa futikamba: kutoka kichwa hadi paa, kutoka kifua hadi usukani, kutoka goti hadi dashibodi. Hapimi kiti kitupu, kwa sababu springi hushuka mtu anapokaa. Dereva hukanyaga klachi mpaka mwisho. Mguu usipofika, kiti kiko nyuma mno. Abiria wa katikati naye huulizwa mahali pa miguu yake, maana giaboksi ya kisasa ni kubwa na sakafu huinuliwa ili kuifunika. Mwinuko huo tunauita "nundu ya sakafu", kwa mfano wa nundu ya ng'ombe.

4.2 Kupachika

Kiti kikikwisha kukalishwa, hupachikwa kitako na reli mahali palipotiwa alama. "Kupachika" ni kutia kitu mahali pake kikae, bila ya kusema kinashikwa na nini. Ni hatua ya kati, na mfasiri akiiruka msomaji atakaza kabla ya kulinganisha.

Reli mbili hazina budi kuwa sambamba. Fundi hupima umbali kati ya ncha za mbele na kati ya ncha za nyuma. Kisha hupima ulalo, yaani kutoka ncha ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Vipimo vya ulalo vikilingana, reli ziko sawa. Visipolingana, kiti hukwama katikati ya safari yake, au ovyo zaidi, komeo la upande mmoja huingia na la upande wa pili huning'inia. Kwa kuwa kiti benchi ni kizito na kina reli mbili zilizo mbalimbali, komeo zake huunganishwa kwa waya ili wenzo mmoja uzifungue zote. Baada ya kupachika fundi husogeza kiti na kusikiliza: pande zote mbili lazima ziingie.

4.3 Kutoboa na kuimarisha

Sakafu ya gari ni bamba jembamba, unene wake hauzidi sana milimita 1. Bolti iliyopitishwa humo na kukazwa kwa washa ndogo huonekana imara siku zote isipokuwa siku ya ajali. Siku hiyo kichwa cha bolti hupasua bamba na kutokea upande wa pili, kama kifungo kinavyochomoka kwenye kitambaa chakavu. Ndiyo sababu chini ya sakafu huwekwa "bamba la kuimarisha", kipande cha chuma kipana na kinene kinachoueneza mvuto. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, huyataka magari ya mashindano yawe na bamba la eneo lisilopungua sentimita 40 za mraba na unene usiopungua milimita 3, kama ni la chuma, kwa kila mahali kiti kinaposhikwa, na mahali hapo pawe panne au zaidi kwa kila kiti. Hotirodi ya barabarani haibanwi na kanuni hizo, lakini zinatupa kipimo cha akili.

Katika lugha, jambo la kuangalia hapa ni neno "washa". Mafundi wetu huliita hivyo duara dogo la chuma lenye tundu katikati, na ni neno zuri. Lakini maandishi ya kigeni yanaposema washa kubwa au bamba la nyuma, mfasiri asiandike "washa" tu. Washa huilinda nati. Bamba la kuimarisha huilinda sakafu. Ni vitu viwili.

Kabla ya kutoboa kwa keekee fundi hulala chini ya gari na kutazama. Katika magari ya Ford, yaliyopata breki za mafuta mwaka 1939, masta silinda ya miaka hiyo ilikuwa chini ya sakafu ya dereva. Na mirija ya breki, ya petroli na nyaya za umeme huweza kupita mahali hapohapo.

4.4 Kukaza

"Kukaza" ni kuizungusha nati au bolti mpaka ishike. Maneno matatu hutakiwa kutengwa hapa. "Bolti" ina kichwa na hesi, nayo hupokewa na "nati". "Skrubu" hujichimbia yenyewe katika mbao au bamba, haina nati. "Parafujo", neno tulilolirithi kwa Wareno, limetumika kwa zote mbili. Libaki jina la jumla, lisitumiwe katika maagizo. Kiti hakishikwi kwa skrubu.

Nguvu ya bolti ya Kimarekani husomwa kichwani. Isiyo na alama ni ya daraja la chini. Yenye mistari mitatu ni ya daraja la 5. Yenye mistari sita ni ya daraja la 8. Vipimo vyake ni vya inchi, na bolti iliyozoeleka kwa mikanda ya usalama ni ya inchi 7/16 yenye hesi 20 kwa kila inchi moja. Kuna jaribu kubwa la kuandika "milimita 11". Urefu, upana na uzito vyaweza kugeuzwa kuwa vya metriki, kwa kuwa ni kiasi. Kipimo cha bolti ni sawa na jina lake, na akigeuza mfasiri humtuma fundi dukani kununua kitu kisichokuwapo, au kulazimisha bolti ya milimita katika nati ya inchi, ambayo hushika hesi mbili tatu na kudanganya mkono. Sheria iwe hii: vipimo vya hesi viachwe kama vilivyo.

4.5 Kuchomelea

Kitako cha kiti aghalabu huunganishwa kwa moto. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana. "Kulehemu" ni kuunganisha metali kwa kuyeyusha metali nyingine laini katikati yao, kama risasi na bati katika nyaya au katika sufuria iliyotoboka. "Kuchomelea" ni kuviyeyusha vyuma vyenyewe vikawa kitu kimoja. Kamusi kadhaa huvichukulia kuwa sawa, na katika maongezi havina ugomvi. Katika maagizo ya kiti ugomvi upo, kwani kitako kilicholehemiwa hakiwezi kubeba watu watatu. Tunapendekeza kila kimoja kibaki na maana tuliyoieleza.

4.6 Kutia nanga

Hapa ndipo uzito wote wa makala haya ulipo. Karibu magari yote ya Marekani ya miaka ya 1930 na 1940 hayakuwa na mikanda ya usalama. Mkanda wa nukta tatu, upitao kiunoni na begani, ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo na kuanza kutumika mwaka 1959. Kwa hiyo anayefunga kiti benchi katika hotirodi leo huutia mkanda mahali ambapo mtengenezaji hakuufikiria, na swali la kwanza ni: mkanda ushikwe na nini?

Tuangalie hesabu. Kanuni za Marekani za viti huagiza kwamba maungo ya kiti yastahimili mvuto wa mara 20 ya uzito wa kiti. Kiti benchi cha kilo 30, basi, hutakiwa kustahimili mvuto wa kilo 600. Kanuni za mahali mkanda unaposhikwa huagiza kwamba mkanda wa kiunoni wa mtu mmoja ustahimili pauni 5,000, yaani yapata kilo 2,270. Mkanda wa mtu mmoja, kwa hiyo, huvuta karibu mara nne ya kile ambacho maungo ya kiti kizima yametakiwa kuvumilia. Na katika kiti benchi wamo watu watatu. Mkanda ukishikizwa kwenye fremu ya kiti ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo, siku ya ajali kiti hung'oka pamoja na watu waliofungwa humo. Kanuni zenyewe husema kwamba, mkanda ukishikwa na kiti, maungo ya kiti yapimwe kwa mivuto yote miwili kwa pamoja.

Ndiyo maana mkanda hushikizwa kwenye sakafu au chasisi, kwa bolti yake na bamba lake la kuimarisha. Kitendo hiki kina haki ya kupata kitenzi chake. Lugha yetu ilikwisha kuutoa usukani jahazini na kuutia garini. Si ajabu tukiitoa na nanga. Jahazi halishikwi na kamba, bali hushikwa na chini ya bahari, na kamba ni njia tu. Vivyo hivyo abiria hashikwi na mkanda. Hushikwa na sakafu. "Kutia nanga" ni kuupa mkanda mahali pa kushika kisicho kiti, na mahali hapo ni "nanga ya mkanda".

5. MAFUNZO KWA WAFASIRI, WALIMU NA WATUMISHI

Tulinganishe tafsiri mbili za maagizo yaleyale. Ya kwanza: "Funga kiti sakafuni kwa bolti, kisha funga mikanda." Ya pili: "Kalisha kiti dereva akiwa amekaa. Pachika kitako na reli, na uhakikishe ziko sambamba. Toboa, weka bamba la kuimarisha chini ya kila tundu, kisha kaza. Tia nanga za mikanda sakafuni. Usizitie kwenye fremu ya kiti." Tafsiri ya kwanza haina kosa la sarufi, wala msimamizi hataikataa. Lakini msomaji wake anaweza kuifuata neno kwa neno akafanya kazi ya hatari, na kosa halitakuwa lake.

Kwa mtumishi wa serikali jambo hili si la magari ya fahari ya Wamarekani. Mwaka 2004 Kenya ilipoanza kutekeleza kanuni za kuyataka magari ya abiria yawe na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, viti vingi vilivyokuwamo barabarani vilikuwa vimeundwa bila ya kufikiriwa mkanda, kama vile viti vya sedani za kale. Ripoti ya ukaguzi isemayo "mikanda imefungwa" haielezi kama imetiwa nanga sakafuni au imezungushiwa chuma cha kiti. Fomu ikiwa na safu mbili, "mkanda upo" na "nanga ya mkanda iko wapi", mkaguzi atalazimika kuinama na kutazama. Istilahi njema humlazimisha mtu kutazama.

Kwa mwalimu wa ufundi, twashauri asianze kwa orodha. Aanze kwa kitu, aulize mafundi wa jirani wanakiitaje, kisha aamue kama jina hilo linatenga kitu hicho na vingine. Likitenga, lichukuliwe hata kama ni la mkopo: nati, washa na reli hazina haja ya kubadilishwa. Lisipotenga, hapo ndipo kazi ya kuunda au kugawa maana inapoanza. Tumeona kwamba maneno mengi tuliyoyahitaji yalikuwamo nyumbani tayari, mlangoni, jahazini na katika zizi la ng'ombe, yakingoja kuitwa.

6. ORODHA YA ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Hotirodi: gari la kale lililoundwa upya na kuongezwa nguvu kwa ajili ya kasi.
Gari la kale: gari la enzi iliyopita linalothaminiwa kwa umri wake.
Kiti benchi: kiti kimoja kilichoenea upana wa gari, cha watu wawili au watatu.
Kiti cha pekee: kiti cha mtu mmoja.
Kikalio: sehemu ya kiti inayokaliwa.
Mgongo wa kiti: sehemu ya kiti inayoegemewa.
Kitako cha kiti: chuma kinachokiinua kiti kutoka sakafuni.
Reli ya kiti: njia ya chuma ambayo kiti husogea juu yake.
Komeo: kizuio kinachojifunga na kufunguliwa kwa mkono.
Nundu ya sakafu: mwinuko wa sakafu unaofunika giaboksi.
Bamba la kuimarisha: kipande cha chuma kinachoeneza mvuto wa bolti chini ya sakafu.
Hesi: mikato ya bolti au nati inayoshikana.
Kukalisha: kutafutia kiti mahali kinapolingana na mtu na gari.
Kupachika: kutia kiungo mahali pake kabla ya kukaza.
Kukaza: kuzungusha bolti au nati mpaka ishike.
Kuchomelea: kuunganisha vyuma kwa kuyeyusha vyuma vyenyewe.
Kulehemu: kuunganisha kwa kuyeyusha metali laini katikati.
Kutia nanga: kuushikiza mkanda kwenye sakafu au chasisi.
Nanga ya mkanda: mahali mkanda wa usalama unaposhikizwa.

"Kufunga" kibaki jina la kazi nzima, kama ilivyo katika kichwa cha makala haya, na kitendo cha abiria mwenyewe anapojifunga mkanda. Katika hatua zilizomo kati ya hayo mawili, kila kitendo kiitwe kwa jina lake.